Kidole Gumba cha Maganga

Hapana, sinyamazi. Kasema nani kwamba hasikii? Mmempima kwa kitu gani, kwa macho yenu? Jana mmoja wenu mnaojifunza kutunza wagonjwa, jina simtaji lakini anajijua, alikuwa anamsugua mgonjwa meno huku anaongea na mwenzake juu ya kichwa cha mgonjwa: "Fanya haraka tukale, huyu kashazima, hasikii kitu." Nikamwita nje. Nilipomalizana naye alikuwa analia, na nimesikia mnasema Zuhura ana mdomo mchafu. Sawa, wangu mchafu. Wa mgonjwa uwe safi, na maneno ya karibu na masikio yake yawe safi pia.

Na lile jingine mnalonong'ona nimelisikia: eti mimi mwenyewe bado kijana, nastaafu vipi? Jamani, mimi sijastaafu. Mgongo wangu ndio umestaafu, ukaniacha na hamu yangu ya kazi mkononi. Nilikuwa nageuza wanaume wazima peke yangu, kwa sifa. Mgonjwa anageuzwa na watu wawili, kwa shuka lililokunjwa chini yake, magoti yako yamekunjika, na kichwa chake kinafuata mwili wake kama mlango unavyofuata bawaba. Ukitaka kumnyanyua peke yako ili watu waseme una nguvu, karibu. Viti vya plastiki vipo, utakuja kukaa hapa na mimi tufundishe kwa mdomo.

Sikusomea. Nilikuwa nafagia wodi. Hiyo ndiyo shule yangu, fagio na maswali. Naona muuguzi anamfunika mgonjwa macho kwa pamba yenye maji, nauliza: kwa nini? Kwa sababu hapepesi kope, jicho litakauka, litapata kidonda. Naona kaweka kitambaa kilichoviringishwa kwenye kiganja cha mgonjwa, nauliza: hicho cha nini? Ili vidole visijikunje vikaganda. Wengine walinifukuza. Sista Nyamizi hakunifukuza. Yule mama ni muuguzi wa kusomea hasa, mtu wa upande wa Kipalapala, mrefu, hana haraka, akikasirika anapunguza sauti badala ya kuipandisha, jambo ambalo mimi mpaka leo limenishinda. Siku moja aliniambia, "Zuhura, unauliza kuliko wanafunzi wangu. Weka fagio, nawa mikono, shika hapa." Nikashika. Baadaye watu walipoanza kuniita majumbani niwatunzie ndugu zao walioumia kichwa, yeye ndiye alikuwa anapita kuangalia na kubadilisha mipira ya mkojo na ya chakula. Mtu akimsema vibaya Sista Nyamizi mbele yangu, siku hiyo hatulali marafiki.

Nyumba ya kwanza niliyoitwa ilikuwa hapa hapa Mtendeni. Nilijua mgonjwa lazima ageuzwe mara kwa mara, ila saa sikuwa nayo. Nikajiambia, msikiti uko karibu, nitamgeuza kila adhana. Nikaona nimepata akili! Sista alipokuja nikamweleza mpango wangu kwa kujisifu. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mtoto wewe, kutoka alfajiri mpaka adhuhuri unajua ni muda gani? Huyo utamkuta mgongo umeiva." Tukanunua saa ya ukutani. Ngozi haijui ibada, inajua uzito. Angalieni visigino, nyonga, chini ya mgongo, na nyuma ya kichwa. Pakiwa pekundu ukabonyeza na wekundu hauondoki, umeshachelewa, usimlaze tena upande huo, na umwite muuguzi.

Na kijana yule aliyeanguka na pikipiki, mgonjwa wa nyumba ile ile ya Mtendeni! Alikuwa ametulia, halafu mchana mmoja akaanza kutoka jasho, kutupa miguu, kunguruma, kuninasa makofi. Nyumba nzima ikakimbilia uani. Shangazi yake akasema ni jini la njiani, aletwe mtu wa kulisomea. Nikampigia Sista simu huku kijana ananivuta mtandio. Akaniuliza, "Mpira wa mkojo umeuangalia?" Nikainua shuka. Mpira umekunjika chini ya paja, mfuko mtupu, kibofu kimejaa kama ngoma. Nikaunyoosha. Mkojo ukashuka, na jini nalo likashuka. Sista akasema neno ambalo nataka mlibandike kichwani: "Kabla hujatafuta jini, tafuta mkojo." Mgonjwa wa ubongo hawezi kukwambia naumwa tumbo, choo kimegoma, shuka limejikunja. Anakwambia kwa jasho na kwa makofi. Usimnase na wewe. Jiulize anasema nini.

Sasa Maganga.

Maganga alikuwa mrina asali, wa kijiji cha mbele ya Kipalapala. Alikuwa juu ya mti anafungua mzinga, tawi likakatika, akashuka na mzinga na nyuki wote. Alipasuliwa kichwa hospitali kubwa mbali huko, akarudishwa Tabora akiwa anapumua mwenyewe, macho anafumbua na kufumba, lakini hayamfuati mtu. Anapita mtoto, anapita kuku, macho yako pale pale kwenye dari. Mkewe, dada Kabula, akapanga vyumba viwili Cheyo, hapa mjini, ili wawe karibu na huduma. Nikaitwa mimi.

Kaka yake mkubwa, Shija, hakutaka. Nataka mumwelewe Shija, kwa sababu mimi wakati ule sikumwelewa, nilitaka tu kumrushia beseni. Alikuwa anakuja na baiskeli kutoka kijijini, anavua kofia, anasimama miguuni pa kitanda, anamwangalia mdogo wake, halafu anasema polepole, "Huyu tunamtesa. Arudi nyumbani alale kwenye kitanda chake. Mungu atachagua." Dada Kabula anainama tu. Kijijini nani angebadilisha mpira wa chakula? Nani angemgeuza, na wote wako shambani kwenye tumbaku? Kumpeleka nyumbani kulikuwa na maana moja tu, na sote watatu tuliijua, ila hakuna aliyeitamka.

Halafu likaja la asali.

Nyinyi mnaijua Tabora. Mtoto akizaliwa asali, mzee akikohoa asali, mgeni akija asali. Na huyu ni mke wa mrina. Nilitoka kufua, narudi namkuta dada Kabula kakaa kitandani, kijiko mkononi, anamdondoshea mumewe asali kwenye ulimi, huku anamwimbia kama mtoto. "Ameimeza, Zuhura! Ameimeza, angalia koo!" Haikwenda tumboni. Mgonjwa ambaye hajapimwa kumeza, kitu cha mdomoni kinaweza kuteleza kikaingia kwenye mapafu, na asije hata kukohoa vizuri ili ujue. Kwa nini mnafikiri tunamwinua mgongo kabla ya kumlisha kwa mpira, na kumwacha hivyo hivyo baada ya kula? Kwa nini tunahakikisha kwanza kwamba mpira uko tumboni? Kesho yake joto likapanda, kifua kinakoroma, tukarudi wodini. Alipona, lakini kwa shida, tukarudi Cheyo.

Nilimfokea dada Kabula mbele za watu. Sista Nyamizi akanivuta pembeni, sauti chini. "Umemaliza? Haya. Mwenzio ana mikono na ana mapenzi, na hujampa kazi. Mtu asiye na kazi kitandani kwa mgonjwa ataitafuta." Akamwita dada Kabula, akamwambia, "Mama, asali isiingie mdomoni mpaka tutakapompima kumeza. Ila pua yake haijakatazwa. Mletee sega anuse. Mletee lile koti lake la moshi wa nyuki. Na wewe ndiye utakayemwosha uso kila asubuhi, na kabla hujamgusa unamwambia: Maganga, ni mimi Kabula, naosha uso."

Lakini Shija alishaipata sababu yake. "Huku mjini mnamuua kwa kijiko," alisema. "Jumapili nakuja na gari."

Basi sisi tukaanza kumtafuta Maganga. Hapo ndipo mimi niliipenda hii kazi, semeni nina kichaa. Mtu yumo mle ndani au hayumo? Na kama yumo, mlango uko wapi? Tulimnusisha sega la asali: kimya. Tukamnusisha koti la moshi: pumzi kama ilikaza, halafu kimya. Redio, kimya. Dada Kabula akaimba wimbo wa kanisani, wa harusi yao: machozi yakatoka, lakini kwa dada Kabula. Siku moja nikaweka kidole changu kwenye kiganja chake, akakishika. Nikapiga kelele mpaka jirani akaja na mwiko. "Kanishika! Kanishika kidole!"

Nilipompigia Sista simu, hakucheka safari hii. "Mtoto mchanga naye anashika kidole ukimwekea. Kushika siyo jibu, mkono unajishikia wenyewe. Mwambie aachie. Au mwambie afanye kitu ambacho mkono haufanyi wenyewe, ainue kidole gumba. Na Zuhura, ukishamwambia, nyamaza."

"Ninyamaze mpaka lini?"

"Mpaka uchoke, halafu unyamaze tena. Ubongo ulioumia ni kama njia iliyofungwa na miti. Neno lako linafika, ila linazunguka porini kwanza."

Mimi na kunyamaza, mnatujua. Nilikuwa nasema, "Maganga, inua kidole gumba," nahesabu moyoni, nashindwa, naongeza, "Maganga, basi fumba macho, basi angalia huku," namchanganya. Kidole hakikuinuka.

Ijumaa ile akaja mzee Ndahani. Huyu ni Mgogo, ana kibanda chake sokoni, kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa ananunua asali kwa Maganga. Alikuwa safari kwao, ndiyo kwanza amerudi akasikia habari. Sasa ile nyumba ilikuwa imejaa minong'ono. Watu wanaingia wakinyata, wanaongea kama wako kaburini, kwa sababu walijiambia kichwa kilichopasuliwa hakitaki sauti. Mzee Ndahani akafungua mlango kwa mguu, nyanya zimejaa mikononi, akatoa salamu ya Kinyamwezi kwa sauti ya mnadani:

"Mwangaluka, wabeba mizigo! Yuko wapi mpagazi wangu?"

Nikainuka nimtoe. Nimeshika mkono wake kabisa. Dada Kabula, ambaye wiki zote zile hakuwahi kunipinga, akasema, "Mwache, Zuhura. Huyo ni mtani."

Hapo nikaachia. Nyinyi kizazi cha simu huenda utani mnauona kwenye misiba tu, mtu anamwiga marehemu mnacheka. Lakini Wanyamwezi na Wagogo walianza kutaniana tangu babu zao wanapita Ugogo na mizigo ya msafara kwenda pwani, wakiomba maji njiani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Ndugu akikutukana ni ugomvi. Mtani asipokutukana, ujue amekukasirikia.

Mzee Ndahani akavuta stuli, akamtazama Maganga usoni. Akaziweka nyanya chini, akamtengenezea shuka begani. Lakini sauti yake ilipotoka ilikuwa ile ile ya mnadani.

"Ndiyo nini hii? Babu yako alibeba pembe ya tembo kutoka hapa mpaka Bagamoyo, kwa miguu, na tulimpa maji ya matope akashukuru. Wewe hata kope inakushinda kuibeba? Aibu! Kuanzia leo mizinga yako nairithi mimi. Na nyuki nitawafundisha Kigogo."

Nikaona kipaji cha uso cha Maganga kikijikunja. Taratibu. Kama mtu aliyekanyaga mwiba akiwa mbali sana. Halafu macho yakatoka darini. Nawaambia yalitoka, yakaja kushoto, yakakaa karibu na ile sauti, halafu yakarudi.

Nilimpigia Sista nikiwa napiga mayowe: "Kaamka!"

"Usiniambie kaamka. Niambie umeona nini."

Nikamwambia: kipaji, macho, upande gani, baada ya neno gani. Akasema, "Kuna kitu. Mara moja siyo ushahidi. Mzee arudi kesho, lakini mgonjwa akiwa amepumzika, ameoshwa, kabla ya chakula. Na aseme jambo moja tu, lile la kidole." Jumamosi mzee Ndahani akarudi, akatukana, akaomba kidole gumba. Tukasubiri. Kidole kikacheza. Kidogo, kama jani. Alipoomba tena, hakuna. Mimi nikasema kimeinuka, dada Kabula akasema labda, mzee akasema macho yake hayaoni vizuri, tusimuulize.

Jumapili Shija akaja na pikapu. Alikuja saa mbaya, mchana, Maganga ameshakula, ana dawa zake za degedege mwilini, kachoka. Godoro liko nyuma ya gari, limetandikwa vizuri, na shuka jipya. Lile shuka jipya liliniuma. Shija alikuwa amelinunua kwa ajili ya safari ile.

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nionyeshe."

"Maganga, inua kidole gumba." Nikasubiri. Hakuna. Nikarudia. Hakuna.

"Umeona, binti?" Hakusema kwa ubaya. Heri angesema kwa ubaya.

"Hukusubiri!"

"Nimesubiri tangu alipoanguka."

Nikaropoka. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Nilimwambia anataka mizinga ya mdogo wake. Dada Kabula akapiga ukelele, "Zuhura!" Shija akavaa kofia yake, akamwita dereva waje wanyanyue. Na mimi nikasimama mlangoni, mikono kwenye miimo, mjinga kamili.

Mzee Ndahani akapita chini ya mkono wangu. Alikuwa ametoka kanisani, amevaa suti. Akaona godoro, akaona gari, akaelewa. Akaenda kuinama sikioni kwa Maganga, na safari hii hakupiga kelele.

"Mtani. Gari limekuja. Wanataka kukubeba. Wewe Mnyamwezi, ubebwe wewe kama mzigo? Kama unataka, lala hivyo hivyo. Kama hutaki, inua kidole gumba wakione."

Kimya. Dereva yuko nyuma yangu ananipumulia shingoni. Shija akasema, "Basi, mzee." Nikafungua mdomo nimfokee, nikamkumbuka Sista, nikaufunga. Siku ile nilinyamaza, jamani. Sijui muda gani. Kuku aliingia akatoka. Shija aligeuka kumwangalia dereva, dada Kabula akamshika mkono wa shati, "Shemeji. Shemeji, angalia."

Kidole gumba kilikuwa kinapanda. Kinatetemeka, kinaacha vingine vimelala juu ya shuka, kikasimama.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Shija akasema, "Mwambie tena." Mzee akamwambia. Hakuna. "Mwambie tena." Hakuna. Nikajua sasa atasema ni mkono umejichezea tu. Shija akavua kofia. Akapiga magoti pale chini, akamwambia mdogo wake kwa Kinyamwezi jambo refu ambalo sikulielewa lote, mwishoni akaongeza kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikie: "Gari nalirudisha."

Maganga hakufanya kitu. Alikuwa amechoka. Lakini gari lilirudi tupu, na lile shuka jipya Shija alilishusha, tukamtandikia pale pale Cheyo.

Msifikiri mambo yakawa sherehe. Siku nyingine kidole kilikuja, nyingine hakikuja, wiki nzima ikapita tukajiuliza kama tuliota. Polepole sana kikawa "ndiyo", na kufumba macho ikawa "hapana". Alipopimwa kumeza na kuruhusiwa, kitu cha kwanza mkewe alichompa mnakijua. Leo Maganga anakaa kwenye kiti barazani, mkono wa kushoto haufanyi kazi, mti hatapanda tena. Wakati mwingine anamwita mkewe kwa jina la mama yake. Kijiko anakiita mzinga. Lakini mzee Ndahani akitokea kwenye kona, yule bwana ambaye hawezi kukutajia leo ni siku gani anamtukana vizuri kabisa, hakosei neno.

Kwa nini tusi lilipita pale ambapo wimbo wa harusi haukupita? Nilimuuliza Sista Nyamizi. Akasema hajui. Alisema labda kwa sababu kila mtu alikuwa anamuaga, na ni mtani peke yake aliyekuwa anataka jibu. Mpaka leo nalifikiria hilo nikiwa nimelala chali, mgongo ukiniuma.

Na msidhani kila mgonjwa ana kidole cha kuinua. Nimemuuguza bibi mmoja ambaye hakuinua chochote, kuanzia siku nilipomkuta mpaka siku tulipomfunika. Nilimpa shikamoo kila asubuhi na nikangoja marahaba yake. Haikuja. Sijui kama aliisikia hata moja. Ila najua hakuna aliyewahi kusema juu ya kichwa chake kwamba kashazima.

Kwa hiyo wewe wa jana, mwenye mswaki, futa machozi unijibu. Ulimuuliza kama anakusikia, ukanyamaza ukamngoja, au ulimuuliza ukaenda kula?